Barua ya wazi: Drive-In ya Msasani iandikwe wakati mashahidi wake wako hai

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya utamaduni,
Kwa Mstahiki Meya na Mkurugenzi wa Manispaa ya Kinondoni,
Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Makumbusho ya Taifa,

Nawasalimu kwa heshima.

Majuzi nilipanda bodaboda pale Morocco, Kinondoni, nikamwambia kijana anipeleke Drive-In. Akageuza shingo akaniangalia. "Drive-In ndiyo wapi, mzee?" Nikamwambia twende, nitakuonyesha njia. Tulipofika akasema, "Kumbe Ubalozi wa Marekani! Si ungesema." Nikamlipa, akaondoka, nami nikabaki nimesimama kando ya barabara ya Old Bagamoyo nikiutazama ule ukuta. Kijana hana kosa. Ubalozi ulihamia hapo mwaka 2003, na kwa kumkadiria, yeye alikuwa bado hajazaliwa. Hakuna kibao wala jiwe linalomwambia kwamba katika uwanja huo, kuanzia mwaka 1966, watu wa Dar es Salaam walikuwa wakitazama sinema wakiwa ndani ya magari, juu yao hakuna paa ila nyota.

Nawaandikia kwa sababu ya swali la kijana yule. Naomba historia ya Drive-In ikusanywe na ihifadhiwe rasmi, na kazi hiyo ianze mwaka huu, kwa kuwa wanaoweza kuisimulia wamebaki wachache na umri umewatupa mkono. Kila nikienda msibani siku hizi, namkuta mmoja wao ndiye tunayemzika.

Mimi Drive-In niliijua kwanza kwa nje. Shangazi yangu alikuwa ameolewa Msasani, na shule zikifungwa tulikuwa tunapelekwa kwake. Baada ya isha tulinyemelea mpaka kwenye mchanga nyuma ya uzio, tukakaa. Kule mbele ulisimama ubao mweupe mkubwa kuliko nyumba yoyote niliyokuwa nimewahi kuiona, na ndani yake watu wakitembea, wakilia, wakicheza ngoma mlimani. Ila hatukusikia kitu. Sauti ilikuwa ndani ya magari, sisi tulibaki na upepo wa bahari na mbwa wa jirani. Basi binamu yangu mkubwa ndiye aliyekuwa sauti yetu. Kihindi hakijui hata neno, lakini alisimulia tangu mwanzo mpaka mwisho bila kusita: "Huyu mama analia kwa kuwa mwanawe alipotea utotoni. Huyu polisi ndiye mwanawe, ila hajijui. Msubirini, atamtambua kwa wimbo." Nilipokuja kuliona picha lile kwa mkanda, nimeshakuwa mtu mzima, nikakuta kwamba karibu yote alikuwa amepatia. Na hatukuwa sisi peke yetu pale mchangani. Walikuwepo wavuvi, akina mama na watoto wao mgongoni, vijana wa kazi za ndani waliomaliza kuosha vyombo. Ule nao ulikuwa ukumbi, ila ndio haukuwa na tiketi.

Ndani niliingia kwa mara ya kwanza kwenye pikapu ya jirani yetu wa Magomeni, Peugeot 404 ya rangi ya maziwa. Pikapu ziliingia kinyumenyume ili waliokaa nyuma waelekee kwenye picha. Mama alikuwa amebeba kachori, mihogo ya kukaanga na chupa ya chai, na khanga mbili za kutufunika umande ukianza kushuka. Ardhi ya pale ilikuwa imepandishwa matutamatuta, gari likiegeshwa linainua pua kidogo, hata aliye nyuma anaona juu ya paa la aliye mbele. Kando ya kila nafasi palikuwa na nguzo fupi yenye spika. Nimeishika kwa mikono yangu: ya chuma, nzito kama pasi, ina kitufe kimoja cha kuongezea sauti na kishikio cha kuning'inizia kwenye kioo cha dirisha. Unateremsha kioo kidogo, unaipachika, na stelingi anaanza kuzungumza sikioni mwako kana kwamba mmepanda gari moja.

Kulia kwetu palikuwa na familia ya Kihindi. Walitandika jamvi chini, wakafungua mabakuli. Intavali ilipofika mama yao akatuletea sambusa kwenye sahani ya bati, na mama yangu, maana sahani hairudi tupu, akairudisha na kachori. Hawakuwa wamewahi kuonana na sidhani kama walionana tena. Usiku ule jirani yetu, kwa furaha ya picha kuisha vizuri, aliondoa gari akasahau spika dirishani. Waya ukakatika, tukasikia kishindo tu. Hakulala. Alfajiri alitoka Magomeni kwa miguu, spika kaifunga kwenye gazeti, kwenda kuirudisha.

Waheshimiwa, nimeanza na mambo madogo kwa makusudi, kwa kuwa haya ndiyo yatakayopotea kwanza. Tarehe mtaweza kuzichimbua katika magazeti ya enzi zile. Uzito wa spika ile hautaandikwa na mtu asipoulizwa aliyewahi kuishika.

Kwa wasiojua, aina hii ya sinema ilibuniwa Marekani. Richard Hollingshead wa New Jersey alifanyia majaribio uani kwake: shuka kaifunga mitini, mtambo wa kuonyeshea kauweka juu ya boneti ya gari, redio kaiweka nyuma ya shuka. Mwezi Mei 1933 alipata hataza, yaani haki ya kumiliki ubunifu wake, na kiini chake kilikuwa ni hayo matuta ya kuinulia pua za magari. Tarehe 6 Juni mwaka huohuo akafungua ya kwanza huko Pennsauken. Kiingilio kilikuwa senti 25 kwa gari na senti 25 kwa kila mtu. Mwanzoni sauti ilitoka kwenye vipaza sauti vikubwa karibu na pazia, kwa hiyo walio nyuma waliisikia imechelewa na majirani wakakosa usingizi. Spika ndogo za dirishani zilienea baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950 Marekani ilikuwa na sinema za magari zaidi ya 4,000.

Lakini kuna jambo moja ambalo Hollingshead hakulipata na sisi tulilipata bure. Kwao majira ya joto, ambayo ndiyo majira ya kukaa nje, jua linachelewa kuzama hadi saa mbili na zaidi usiku. Watoto wanasinzia kabla picha halijaanza, na majira ya baridi theluji inafunga kila kitu. Sisi huku karibu na ikweta, kwenye saa moja jioni giza linatua, Januari hadi Desemba. Unaweza kuanza mapema, mtoto akaona picha zima, na kesho yake akaenda shule. Tulichokiogopa ni masika tu. Nimefikiri sana juu ya hili, na naamini kama pangetafutwa mahali duniani panapofaa kutazamia sinema nje, pwani yetu ingekuwa miongoni mwa za mwanzo.

Wala kutazama picha nje hakukuanza na magari. Katika miaka ya 1935 hadi 1937, kule Vugiri, Usambara, palikuwa na mradi wa kikoloni wa kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika, ambazo zilipakiwa kwenye lori zikaonyeshwa vijijini usiku. Filamu zile ziliamuliwa na watu wengine zituambie nini. Tofauti ya Drive-In, kwangu mimi, ndiyo hiyo. Ilikuja miaka mitano baada ya uhuru, na watu walikwenda kwa hiari yao, kwa fedha yao, kuona picha la Kihindi, la kachero, la kung fu, chochote walichokipenda. Kumbi za mjini, Empire, Empress, Avalon, Odeon, New Chox, Cameo, zilikuwa na heshima yake, mtu huendi hivihivi, unavaa. Drive-In mama angeweza kwenda na mtoto mchanga ananyonya na asiangaliwe na mtu. Bibi yangu, ambaye hakuwahi kukubali kuingia ukumbini akakaa gizani na wanaume asiowajua, Drive-In alikwenda, akakaa kiti cha mbele na buibui lake, akala karanga zake.

Kuna watakaosema ile ilikuwa starehe ya wenye magari, na nchi hii mwaka uliofuata, Februari 1967, ilitangaza Azimio la Arusha. Ni kweli gari lilikuwa la wachache, silifichi. Ila mimi nashuhudia kwamba gari moja lilibeba mtaa. Pikapu ya jirani yetu ilikuwa ya mtu mmoja, na usiku ule tulikuwa 11 ndani yake. Na Drive-In iliendelea kuwasha taa zake miaka yote ya ujamaa. Hilo peke yake linatosha kumpa kazi mwanafunzi wa historia: mji wa nchi ya kijamaa, sinema ya magari, na watu hawaoni mgongano. Walionaje? Waulizwe.

Ilivyokufa, ilikufa polepole. Kwanza mafuta. Bei ilipanda mwaka 1973, kisha vikaja Vita vya Kagera mwaka 1978, na katika miaka ile ya dhiki magari binafsi yalipigwa marufuku kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Jumapili jioni! Ndiyo ilikuwa siku yenyewe ya familia. Sinema ya magari ikaambiwa magari yasije. Kisha fedha za kigeni zikaadimika, filamu mpya hazikuingia kama zamani, vipuri vya mitambo vikawa vya kubahatisha. Miaka ya 1980 ikaja mikanda ya video, na vibanda umiza vya kuionyesha vikaota kila mtaa. Mwaka 1994 televisheni ikaanza Bara, miaka 20 hivi baada ya wenzetu wa Zanzibar kuanza kuona yao, tena ya rangi. Nani angetoka tena usiku na spika zinakoroma?

Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililipuliwa kwenye ubalozi wa Marekani uliokuwa Barabara ya Laibon, Oysterbay, na watu 11 wakapoteza maisha. Mungu awarehemu. Wamarekani walihitaji kiwanja kipana, ambacho jengo linaweza kukaa mbali na barabara, na uwanja wa sinema ya magari ulikuwa na sifa hiyo hasa. Sina kinyongo na ubalozi, na siombi ubomolewe ukuta wa mtu. Duniani kote sinema hizi zimekufa kwa sababu hiyohiyo: zinakula ardhi pana pembeni ya mji, mji ukikua ardhi inakuwa ghali, mwenye kiwanja anauza. Huko kwao zimebaki kama 300. Nairobi nao walikuwa na Belle Vue barabara ya Mombasa na Fox barabara ya Thika. Zote zimekwisha, lakini walau makondakta wa matatu bado wanaita vituo vya Bellevue na Drive-In, na abiria wanashuka.

Kilichoniuma ni kingine. Baada ya siku ile ya bodaboda nilikwenda ofisi moja ya umma, sitaitaja, kuuliza kama kuna jalada, picha, ramani, chochote kuhusu Drive-In. Binti aliyenipokea alinisikiliza kwa adabu, akaingia ndani, akakaa kitambo, akarudi na mkuu wake. Mkuu akaniambia, "Mzee, hiyo haimo kwenye mambo ya kale." Alisema kweli, na hapo ndipo tatizo lilipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Sinema ilizaliwa mwaka 1895. Kwa hesabu hiyo hakuna ukumbi hata mmoja wa sinema, popote katika nchi hii, utakaokaa uingie wenyewe kwenye ulinzi huo, hata tungengoja miaka 1,000. Lakini sheria hiyohiyo inampa Waziri mamlaka ya kutangaza mahali penye maana ya kihistoria palindwe, bila kujali umri wake. Mheshimiwa Waziri, kalamu hiyo iko mezani kwako.

Uwanja wa Msasani hauwezi kulindwa tena, nalijua hilo. Kwa hiyo ninaloomba ni dogo, na naliomba kwa ofisi zote tatu nilizozitaja juu.

Makumbusho ya Taifa watume vijana wawili watatu wenye kinasa sauti. Wawatafute waliokuwa maopereta wa mitambo, waliobadilisha magurudumu ya filamu kila baada ya dakika 20 bila mtazamaji kujua, jicho likingoja kidoa kinachowaka kwenye kona ya picha kuwaambia wawashe mtambo wa pili. Wawatafute waliokata tiketi getini na kuhesabu vichwa, wanaojua nani aliwahi kuingizwa amelala chini ya mikeka. Wachoraji wa mabango. Wauza karanga na bisi. Wazee wa Msasani waliotazama kutoka mchangani. Wakimaliza Drive-In wapite na kumbi za mjini, kisha Tanga, Moshi, Arusha, kote ambako majengo ya sinema yamegeuka maghala na makanisa. Familia nyingi zilizoendesha kumbi zile zilishahama, zipo Uingereza na Kanada, na kwenye makabati yao zimo picha ambazo sisi hatunazo. Barua pepe haina nauli.

Manispaa iweke jiwe kwenye hifadhi ya barabara, nje ya ukuta, mahali mpita njia anapoweza kulisoma bila kusumbua ulinzi wa mtu. Liandikwe kwa Kiswahili. Kituo cha daladala cha hapo kiandikwe Drive-In kwenye kibao, kwa herufi za rangi isiyochujuka. Na kwa hili naomba Wizara izungumze na ubalozi, maana nadhani wataelewa haraka kuliko tunavyotarajia. Mwaka 2003, mwaka uleule walioingia Msasani, nchi yao iliiandikisha 66 Drive-In ya Carthage, Missouri, sinema ya magari iliyofunguliwa mwaka 1949, katika orodha ya taifa ya mahali pa kihistoria. Wanaijua thamani ya kitu hiki. Hatujawaambia tu kwamba na sisi tulikuwa nacho, na kwamba wamekalia mahali pake.

Najua mtasema kuna madawati na zahanati, na fedha haitoshi. Nimefanya kazi ya uhasibu miaka mingi, bajeti naielewa. Kuwasikiliza wazee na kuchonga jiwe moja hakumnyimi mtoto dawati. Kinachogharimu hapa ni muda, na muda ndio usiokuwa wetu. Ng'ambo ya bahari, kule Unguja, jengo la sinema la Majestic, lililojengwa mwaka 1955 baada ya ukumbi wa zamani wa Royal kuungua, limepata watu wa kulisemea, na tamasha la ZIFF limekuwa likionyesha filamu nje, Ngome Kongwe, watu wamekaa chini ya anga. Hamu haijafa. Mtu akitundika shuka jeupe Coco Beach leo usiku, mtaona watakavyojaa.

Binamu yangu aliyenisimulia picha lile mchangani bado yuko Msasani. Macho yake hayaoni tena, lakini ukimkalisha kwenye kibaraza anakuonyesha kwa mkono mahali ubao mweupe uliposimama, geti lilipokuwa, minazi iliyokuwa upande wa bahari, na ni nguzo zipi spika zake zilikuwa mbovu. Nimezungumza naye, amekubali. Mkimtuma mtu, aje jioni, maana asubuhi huwa anakwenda hospitali, na mimi nitakuwepo kumpokea.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Magomeni, Dar es Salaam